Kuipa herufi kina: kutoka faili la fonti hadi picha ya macho mawili

Ukipita Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, baada ya alasiri, simama mbele ya mlango wa nakshi wowote utakaokutana nao. Fumba jicho la kushoto, tazama mfaa, ile nguzo ya katikati iliyochongwa. Sasa fumba la kulia ufungue la kushoto. Umeuona mfaa ulivyoruka? Umesogea kwa kiasi cha upana wa ukucha tu, ila ubao ulio nyuma yake haukusogea kiasi hicho. Ubongo huipima tofauti hiyo na kukuambia kwamba mfaa uko mbele na ubao uko nyuma, na ndiyo sababu nakshi za Lamu hazionekani bapa hata zikiwa kivulini.

Herufi za kompyuta hazina mruko huo. Mimi kazi yangu ni kuandika majina ya vyombo, vibao vya maduka na kadi za harusi hapa Langoni, na kwa muda mrefu ilinisumbua kwamba khati ambayo mafundi wetu waliichonga ikatokeza kwenye mti, mimi naitoa imelala kwenye karatasi. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuichukua fonti, kuiandikia neno, na kulitoa neno hilo katika picha mbili, moja ya jicho la kushoto na moja ya jicho la kulia, ili anayetazama aone herufi zimesimama. Programu zote nitakazozitaja ni za bure.

Usitafute kitufe cha kugeuza

Wengi wanaoniuliza hutaka programu ya kutia faili la fonti upande huu na kupokea picha ya stereo, yaani hiyo jozi ya macho mawili, upande wa pili. Haiwezi kuwa rahisi hivyo, na ukijua sababu hutapoteza siku nzima kuitafuta. Faili la fonti si picha. Ndani ya faili la TTF, muundo ulioanzishwa na Apple na kutoka mwaka 1991, kila herufi imehifadhiwa kama nukta na mistari iliyopinda inayozunguka ukingo wake, juu ya mraba uliogawanywa vipande 1000 au 2048. Hakuna pikseli, hakuna rangi, na kina hakimo kabisa. Humo pia mna kanuni: herufi gani ikae umbali gani na jirani yake, na kwa khati ya Kiarabu, herufi ichukue umbo gani ikiwa mwanzo, katikati, mwisho au peke yake.

Kwa hiyo tunachogeuza ni neno, wala si fonti. Neno huandikwa kwa fonti, kisha hugeuzwa kuwa mchoro wa kingo, mchoro hutiwa unene, hupigwa picha mara mbili, na jozi hiyo hufungwa katika faili moja. Njia hii ina heshima ya zamani. Charles Wheatstone alipoieleza stereoskopu yake ya vioo, kifaa cha kutazamia jozi ya picha, mbele ya wanasayansi wa Royal Society, London, mwaka 1838, hakutumia picha za kamera, kwani upigaji picha ulitangazwa hadharani mwaka uliofuata. Alitumia michoro ya mistari mitupu. Kingo za herufi zinatosha.

Jaribio la kwanza, bila kujitaabisha

Kabla ya kuingia kazi kubwa, jaribu hili kwa ImageMagick, programu ya picha inayofanya kazi kwa amri unazoandika kwenye dirisha la amri la kompyuta. Weka kwenye folda moja fonti yako na picha ya ukuta. Mimi hutumia picha ya ukuta wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa ikaanza kubanduka. Picha iwe na upana wa pikseli 1920. Andika neno:

magick -background none -fill "#e8d9b5" -font ./Amiri-Regular.ttf -pointsize 300 label:"Lamu" neno.png

Kisha libandike mara mbili juu ya ukuta uleule:

magick ukuta.png neno.png -gravity center -geometry +4+0 -composite kushoto.png

magick ukuta.png neno.png -gravity center -geometry -4+0 -composite kulia.png

Angalia alama za + na -. Katika picha ya jicho la kushoto neno limesogea kulia, na katika picha ya jicho la kulia limesogea kushoto. Macho yakijaribu kulikutanisha hulazimika kugeukiana kidogo, kama unapotazama kitu kilicho karibu na pua, na neno huja mbele ya ukuta. Ukizibadilisha alama, neno litazama nyuma ya ukuta, jambo ambalo jicho hulikataa kwa sababu neno bado linaufunika ukuta ulio mbele yake. Usianze na hilo.

Unganisha picha hizo kwa miwani ya nyekundu na buluu:

magick composite -stereo +0+0 kulia.png kushoto.png jaribio.png

Vaa miwani, nyekundu ikiwa jicho la kushoto. Neno litaelea. Likizama badala ya kutokeza, badilisha mpangilio wa majina mawili ya faili katika amri hiyo ya mwisho. Pikseli 8 tu ndizo zilizofanya yote hayo, na hili ndilo fundisho ambalo watu wengi hulipuuza wakitaka makubwa: kina hutoka kwenye mwachano mdogo. Ukiweka pikseli 80 hupati kina mara kumi, unapata kichwa kuuma.

Lakini neno hili ni kama karatasi iliyokatwa na kuning'inizwa. Linaelea bila unene. Tuendelee kwenye herufi zenye mbavu.

Fonti, na herufi nne za kuchunguza

Kwa herufi za Kilatini chagua fonti nene, yenye mikono mipana. Herufi nyembamba ikitiwa unene hugeuka ubavu mtupu, na uso wake hausomeki.

Kwa khati, mimi nafanya kazi na Amiri, iliyofuata herufi za matbaa ya Amiriya ya Bulaq, Cairo, na mara nyingine Scheherazade New ya shirika la SIL. Zote mbili zina leseni huria ya SIL, kwa hiyo unaweza kuzitumia hata kwenye kazi ya kulipwa. Fonti uliyotumiwa na rafiki usiyojua ilikotoka iache. Kuna aliyekaa miaka akiichora.

Kama unaandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika barua na tenzi, chunguza kwanza kama fonti ina پ ya p, چ ya ch, ڤ ya v na گ ya g. Fonti nyingi zilizotengenezewa Kiarabu pekee hukosa mojawapo, na kompyuta, badala ya kulalamika, huazima herufi hiyo kutoka fonti nyingine kimyakimya. Kwenye skrini huenda usiione tofauti. Ukiitia unene utaiona mara moja: herufi moja nene kuliko wenzake, imekaa juu au chini ya mstari. Andika neno lenye herufi zote nne, likuze mpaka lijae skrini, ulitazame polepole.

Na jambo la adabu, kwani nimeona likisahauliwa. Aya na majina matukufu usiyafanyie majaribio. Karatasi za majaribio hutupwa, hukanyagwa, hufungiwa sambusa. Jifunzie kwa jina la chombo, la mtaa, au lako mwenyewe.

Kulifanya neno kuwa mchoro

Fungua Inkscape, programu ya kuchora kwa mistari, andika neno, chagua fonti. Inkscape inazijua kanuni za kuunganisha herufi, ndiyo maana tunapita kwake. Blender, programu ya kuunda vitu vyenye kina tutakayoitumia baadaye, ina kifaa chake cha maandishi ambacho hupokea faili la TTF moja kwa moja, na kwa neno la Kilatini kinatosha kabisa, unaweza kuiruka sehemu hii. Kwa khati ya Kiarabu usikitegemee. Mim na waw zilizoachana si neno tena.

Neno likishakaa sawa, libonyezee Shift+Ctrl+C ligeuke kuwa mistari ya ukingo. Kuanzia hapo si maandishi, huwezi kusahihisha tahajia, basi hifadhi nakala kabla. Bonyeza Shift+Ctrl+G kuvunja kikundi, chagua vipande vyote, kisha Ctrl na alama ya kujumlisha ili viungane viwe umbo moja.

Hatua hii ya mwisho usiiruke. Katika khati, mkia wa herufi moja hupanda juu ya herufi inayofuata. Usipoziunganisha, pale zinapopandana Blender huweza kuhesabu kwamba ni tundu, na jina lako litatoka na vidirisha vidogo kwenye kila kiungo. Hakikisha pia macho ya mim, waw na fa yamebaki wazi. Hifadhi kama SVG ya kawaida, faili linalotunza mistari yenyewe.

Kutia unene na kuweka macho mawili

Fungua Blender, futa ule mchemraba wa mwanzo, ingiza SVG yako. Huenda ukadhani haikuingia. Imeingia, ila ni ndogo: Blender hupima kwa mita, na ukurasa wa A4 huingia na upana wake halisi wa sentimita 21. Na kamera yetu ya macho mawili itatenganisha macho kwa sentimita 6.5, kama ya binadamu. Ukilitazama neno la sentimita 20 kwa karibu hivyo, kila jicho litaona upande wake na picha mbili hazitakutana. Kwa hiyo likuze neno kwa S mpaka lifike upana wa mita 2, bonyeza Ctrl+A na uchague “Scale” ili kipimo hicho kiwe ndicho msingi, kisha lisimamishe kwa R, X, 90. Lilete katikati ya ukumbi.

Kwenye mipangilio ya mchoro, sehemu iitwayo “Geometry”, weka “Extrude” 0.1. Blender huongeza unene pande zote mbili, mbele na nyuma, kwa hiyo 0.1 hukupa sentimita 20 kamili. Chini yake, “Bevel” ya 0.01 hukata makali ya ukingo. Usiidharau. Fundi wa mlango akimaliza kuchonga hupitisha tupa au msasa kwenye makali ili mwanga uyashike, na hapa ni vivyo hivyo: ule uzi mwembamba wa mwanga unaopita ukingoni ndio jicho huushika kwanza linapotafuta kina. Ukizidisha, herufi huvimba na matundu huziba.

Nyuma ya neno, umbali wa mita 1, simamisha ukuta wenye ile picha ya chokaa. Herufi nazo zivishe ubao wenye mishipa inayoonekana. Sababu yake ni ya kazi, zaidi ya urembo. Macho hupima kina kwa kulinganisha alama: nukta hii kwa jicho hili, nukta ileile kwa jicho lile. Uso mlaini wa rangi moja hauna nukta za kulinganisha, na hata ukiwa na unene wa mita utaonekana bapa. Mshipa wa mti, mkwaruzo, doa la chokaa, vyote hivyo ni vishikio vya jicho. Taa iweke kando, juu kushoto, ianguke kwa mshazari.

Kamera iwe mbele ya neno kwa mita 4, imelitazama sawasawa. Kwa lenzi ya milimita 50 iliyomo tayari, itaona upana wa karibu mita 2.9, na neno la mita 2 litabakiwa na nafasi pembeni. Nafasi hiyo ilinde. Herufi inayotokeza mbele lakini imekatwa na ukingo wa picha humchanganya mtazamaji, kwa sababu kitu kilicho mbele ya dirisha hakiwezi kukatwa na dirisha.

Sasa nenda kwenye mipangilio ya matokeo uweke tiki kwenye “Stereoscopy”. Uwezo huu umo tangu toleo la 2.75 la mwaka 2015. Rudi kwenye kamera, utakuta sehemu mpya yenye mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni namna macho yanavyoelekezwa. Chagua “Off-Axis”. Ile ya “Toe-in” hugeuza kamera mbili zitazamane, na pembeni mwa picha herufi ileile hutoka ndefu kwa jicho moja kuliko kwa jingine. Macho yetu hukutana kwa kwenda kando, hayajui kupanda moja na kushuka jingine.

La pili ni “Interocular Distance”, umbali kati ya macho. Imewekwa 0.065. Wapigaji picha za stereo wana kanuni ya kale ya moja kwa thelathini: umbali kati ya lenzi mbili usizidi sehemu moja ya 30 ya umbali wa kitu kilicho karibu. Kwa mita 4 ungeweza kufika 0.13, lakini anza na 0.065. Kwa vipimo nilivyokupa, ukuta ulio mita 1 nyuma utaachana kwa takriban pikseli 9 kwenye picha ya pikseli 1920. Panatosha kwa kadi na kwa skrini.

La tatu, “Convergence Plane Distance”, ndilo linaloamua nini kitokeze na nini kizame. Kilicho katika umbali huo hukaa juu ya karatasi, kilicho karibu zaidi hutoka nje, kilicho mbali huingia ndani. Ukiweka 4 neno litakaa palepale kwenye karatasi na ukuta utakuwa nyuma kama chumba. Ukiweka 4.5 neno litatoka. Kwa kibao cha duka mimi huweka 4, kwa kadi ya harusi 4.3. Mtu aliyeshika kadi mkononi hufurahi kitu kikimjia.

Mwisho, kwenye namna ya kuhifadhi, chagua “Individual” na PNG. Utapata mafaili mawili, moja linaishia _L na jingine _R. Blender inaweza kukupa anaglifu, ile picha moja ya miwani ya rangi, moja kwa moja, lakini ukiwa na jozi tupu mkononi unaweza kutengeneza umbo lolote baadaye bila kurudia kazi.

Siku nilipoipata picha ya kwanza iliyokaa sawa, nahodha mmoja mzee alikuwa amekaa barazani akingoja ubao wa jina la jahazi lake. Nikampa miwani. Aliitazama kimya, kisha akanyoosha kidole taratibu, kikasimama hewani, shubiri nzima mbele ya skrini, pale alipodhani mkia wa waw unaishia. “Mwanangu,” akasema, “herufi hizi zatoka nde.” Nikamwambia, “Ndiyo, ami, zatoka.” Alirudisha kidole, akakijaribu tena kwa jicho moja, akaona zimelala. Akacheka, akaniomba nimchapie moja apeleke nyumbani.

Faili gani kwa nani

Mwenye sanduku la lenzi la kutia simu anahitaji picha mbili kando kwa kando, kushoto kwa kushoto:

magick jina_L.png jina_R.png +append jina_sambamba.png

Faili la JPS, ambalo programu nyingi za kutazama stereo hulifungua, ni JPEG ya kawaida iliyopewa jina jingine, ila humo picha ya jicho la kulia ndiyo hukaa kushoto:

magick jina_R.png jina_L.png +append -quality 95 jina.jpg

Kisha badilisha mwisho wa jina uwe .jps. Ukitumia PNG ukaipa .pns, mpangilio ni huohuo. Kuna pia MPO ya baadhi ya kamera na televisheni, lakini kwa kazi zetu sijawahi kuihitaji.

Anaglifu, ile ya miwani ya rangi, ndiyo watu wengi huulizia, na ndiyo yenye mitego. Huunganishwa kwa amri ileile ya jaribio, safari hii kwa jina_R.png na jina_L.png, na tokeo uliite jina.png. Wilhelm Rollmann aliieleza huko Ujerumani mwaka 1853, na kanuni yake haijabadilika: rangi nyekundu hubeba picha ya jicho la kushoto, kijani na buluu hubeba ya kulia. Kwa hiyo usiandike herufi kwa nyekundu iliyokolea wala buluu iliyokolea. Jicho moja litaiona ng'avu na jingine nyeusi, na neno litametameta bila kutulia. Rangi ya mti, ya mchanga, ya kijivu, ya maziwa, hizo hukaa vizuri.

Mtego wa pili ulinigharimu. Nilitengeneza kadi ya harusi, ikatoka safi kwenye skrini, nikaituma kwa mchapaji kwa ujumbe wa simu. Zilirudi kadi 60, na kila herufi ilikuwa na kivuli cha pili chekundu kisichoondoka hata ukivaa miwani. Bibi harusi alizitazama, akanishukuru kwa upole, na sikuweza kula chakula cha mchana siku ile. Usiku huo nikatafuta sababu. Programu ya ujumbe ilikuwa imeigandamiza picha. JPEG, ili kupunguza uzito, huhifadhi mwanga wa kila pikseli lakini mara nyingi huhifadhi rangi moja tu kwa kila pikseli 4. Kwa picha ya mtu huoni hasara. Kwa anaglifu, rangi ndiyo iliyobeba kina chenyewe, na ukiichanganya, picha ya kushoto inavujia ya kulia. Nilizichapa upya kwa fedha yangu.

Tangu hapo anaglifu haitoki mezani kwangu ila kwa PNG, na nikiituma kwa simu naituma kama hati, si kama picha. Ukilazimika kutumia JPEG, zuia upunguzaji wa rangi:

magick jina.png -sampling-factor 4:4:4 -quality 95 jina.jpg

Kabla ya kuchapa zote, chapa moja. Wino wa printa haulingani na rangi za skrini, na kivuli kidogo hubaki hata kila kitu kikiwa sawa. Kikizidi, punguza “Interocular Distance” hadi 0.05 au punguza ukali wa tofauti kati ya herufi na ukuta. Herufi ya maziwa juu ya ukuta mweusi huonyesha kila kosa, juu ya ukuta wa kahawia husamehe mengi. Mpe na mtu mwingine aitazame. Wapo ambao macho yao mawili hayafanyi kazi pamoja na hawatakiona kina chochote, usidhani umekosea kwa sababu mmoja amesema haoni.

Ikiwa picha itaonyeshwa kwa projekta, tuseme kwenye shuka jeupe la upana wa mita 3 uani, hesabu upya. Pikseli 1920 zikitandazwa kwenye mita 3, kila moja inakuwa na milimita 1.56. Vitu vya nyuma vikiachana zaidi ya milimita 65, yaani pikseli 41, macho ya mtazamaji yatalazimika kutazama nje, kila moja upande wake, na hayawezi. Kwa watoto, ambao macho yao yamekaribiana zaidi, mimi huishia pikseli 30. Fungua _L na _R katika GIMP, programu ya kuhariri picha, kama matabaka mawili, punguza “Opacity” ya lile la juu hadi nusu, upime kwa rula ya programu umbali kati ya doa moja la ukuta na pacha wake. Ukizidi, rudi Blender uusogeze ukuta mbele, utoe picha tena.